Mtoto wa Mbuzi Niliyemwosha kwa Sabuni

Juma lililopita kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni kuwa afisa mifugo upande wa Igunga alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Ng'ombe wa mfugaji wake alikuwa amezaa, anampiga ndama mateke, na yeye alikuwa na chupa ya dawa ya sindano, oksitosini, mkononi. Alitaka nimtajie kipimo tu. Nikamuuliza ndama amezaliwa saa ngapi, nani alimshika wa kwanza, na mama yake alimlamba au hakumlamba. Akanijibu kwa heshima, lakini kwa haraka: "Mzee, hayo nitakueleza baadaye. Nipe mililita."

Sikumpa. Tuliongea dakika ishirini, na alipokata simu chai ilikuwa imepoa na moyo wangu haukutulia hadi mchana. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi hii, kwa sababu swali lake niliwahi kulijibu vibaya mimi mwenyewe, na mtoto wa mbuzi mmoja nusura afe kwa jibu hilo.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na sasa naishi Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Kwa miaka karibu thelathini nilikuwa bwana mifugo katika kata za wilaya za Nzega, Igunga na Tabora. Darasani nilisoma miaka miwili tu. Mengine nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, kwa kamusi, na kwa daftari ambamo niliandika kila nilichokiona pamoja na saa yake. Anayejifundisha peke yake ana hatari moja ambayo mwenye mwalimu hana: hakuna wa kumwambia kwamba bado hajafika mwisho wa sura. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Kabla ya mbuzi, niwaeleze kuhusu ng'ombe wa Bi Salma.

Bi Salma aliishi Gongoni, katika familia ya Waarabu wa Oman waliofanya biashara Tabora tangu enzi za babu zao. Nyuma ya duka lao alifuga ng'ombe wawili wa maziwa. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, alipitisha chetezo cha udi bandani, kama anavyofanya mtu sebuleni akingoja wageni. Mimi nilipokagua banda nilikuwa mgeni wa kata ile na nilijaa kanuni. Nikamwambia maziwa hunasa harufu upesi na udi ukome mara moja. Akaukomesha, maana alikuwa mtu wa kushika maagizo.

Siku ya tatu aliniita. Ng'ombe mkubwa alikuwa amepunguza maziwa karibu nusu. Hakuwa na homa, na kiwele hakikuwa na uvimbe. Nilichunguza malisho, nikachunguza maji, sikupata kitu. Bi Salma alinitazama muda wote huo akiwa ameshika ndoo.

"Mwanangu," akasema, "ng'ombe wangu amelelewa. Hakamuliwi kama mtu anavamiwa."

Siku iliyofuata aliufukiza udi nje ya banda, upande ambao upepo unaingilia. Maziwa yakaanza kutoka kabla hajagusa chuchu.

Ilinichukua miezi kuelewa. Maziwa hayatoki kwenye kiwele kwa kuvutwa tu. Ubongo wa mnyama hutoa homoni iitwayo oksitosini, inasafiri kwa damu hadi kwenye kiwele, na huko inabana vifuko vidogo vya maziwa hadi yashuke. Kinachouamsha ubongo kwa kawaida ni ndama anyonyaye, lakini mnyama hujifunza pia dalili nyingine: mlio wa ndoo, sauti ya mkamuaji, au, kwa nyumba ile, udi. Akiogopa au akishtuka, mwili hutoa homoni nyingine ya hofu, na hiyo hufunga mlango. Mimi, kwa usafi wangu, nilikuwa nimemwondolea ng'ombe alama yake ya utulivu. Nilirudi kumwomba radhi Bi Salma. Alinipa kahawa na kuniambia nisiwe na haraka ya kukataza.

Ningelishika neno hilo, nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Lakini nilishika nusu tu: nilielewa oksitosini, nikaipenda kupita kiasi. Kwa kweli niliiona kama ufunguo wa kila kitu. Kitabu nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa na sura nzima juu ya homoni na tabia ya mama kwa watoto wake. Nilikisoma jioni, ukurasa mmoja kwa siku, nikitafuta maneno kwenye kamusi. Nilifika mahali palipoeleza kwamba oksitosini ndiyo huwasha mapenzi ya mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Nikafunga kitabu nikiwa na furaha kubwa. Ukurasa uliofuata sikuwa nimeufungua.

Sasa mbuzi.

Katika kijiji kimoja upande wa Nzega aliishi mjane wa makamo, Mayu Milembe. Mayu ni mama, kwa lugha ya kule. Ukame ulikuwa umemuulia mbuzi wote isipokuwa jike mmoja wa rangi ya kahawia. Huyo alizaa mara mbili baada ya ukame, na mara zote mbili alizaa dume. Madume hawakumsaidia kurudisha zizi. Alikuwa ameniambia waziwazi, na bila kujionea huruma: akipata jike mmoja ataanza upya, asipompata kabla mama huyu hajazeeka, basi ufugaji katika boma lile umekwisha na watoto wake watakuwa watu wa kununua nyama.

Nilifika kijijini asubuhi moja kwa pikipiki ya ofisi kuchanja mbuzi. Ilikuwa saa moja na nusu. Mayu alikuwa shambani, na nyumbani nilimkuta Kabula, mke wa mwanawe. Mbuzi wa kahawia alikuwa ametoka kuzaa dakika ile ile, amesimama, na mtoto alikuwa chini penye tope karibu na hori la maji, bado na ute wa uzazi mwili mzima. Nilimgeuza. Alikuwa jike.

Nilijua maana ya yule mtoto kwa nyumba ile. Na kwa kuwa nilijua, nilitaka kufanya kila kitu kwa usahihi. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimetoka kwenye semina kuhusu magonjwa ya watoto wa mifugo, ambako tulisisitiziwa usafi, usafi, usafi. Nilitazama lile tope, nikaona kifo. Nikamnyanyua kabla mama yake hajamfikia.

Kabula alisema, "Bwana Mifugo, si mama yake amlambe kwanza?"

Nikamjibu kwamba nimetoka semina. Kabula akanyamaza, kama watu wanavyonyamaza mbele ya mtu wa serikali. Kunyamaza kule nilikuchukua kuwa ni kukubali. Vijana wangu, mkisikia mfugaji ananyamaza ghafla, simameni hapo hapo na mwulizeni tena.

Nilimwosha yule mtoto kwa maji ya vuguvugu na sabuni yangu mwenyewe, ya kunukia, niliyokuwa naibeba kwenye mkoba kwa sababu nilijulikana kwa usafi. Nikamkausha kwa taulo langu, nikampaka iodini kitovuni, nikamlaza jikoni karibu na moto. Halafu, kwa utaratibu wangu, nikaenda kuchanja mbuzi wa majirani ili nisipoteze muda. Nyuma yangu mbuzi wa kahawia alikuwa analia na kulamba tope mahali alipozalia. Nililiona hilo. Niliandika hata kwenye daftari: "mama analamba ardhi." Sikujiuliza kwa nini.

Saa tatu kasoro robo nilimrudisha mtoto, safi, manyoya yamesimama. Mama alimjia mbio. Alimnusa kichwani, akamnusa mgongoni, akafika mkiani, akasimama. Kisha akageuka na kuondoka. Mtoto akamfuata akitafuta kiwele. Akapigwa teke la nyuma, akaanguka. Akainuka, akafuata tena, akapigwa tena.

Nilingoja robo saa. Nilijaribu kumshikilia mama, akajibwaga chini. Mtoto alianza kusimama kwa shida, kichwa kimeinama. Jua lilikuwa linapanda, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu: mtoto wa mbuzi anahitaji maziwa ya mwanzo, dang'a, mapema iwezekanavyo, maana ndiyo kinga yake. Hapo ndipo nilipokumbuka kitabu. Nilikuwa na oksitosini mkobani, ya kusaidia mbuzi waliokwama na kondo la nyuma. Homoni ya mapenzi ya mama, nikajiambia. Nikapima, nikamchoma mama msulini.

Baada ya dakika chache dawa ilifanya kazi, na kile nilichokiona sikuweza kukisahau. Maziwa yalianza kutiririka yenyewe kutoka chuchu zote mbili, mazito na ya manjano, yakaanguka mavumbini. Mtoto aliyasikia kwa pua, akaenda. Mama akampiga teke akasogea, huku maziwa yakiendelea kudondoka. Kiwele kilikuwa kimefunguka, lakini yeye mwenyewe alikuwa amefunga.

Nilikinga kikombe, nikapata kidogo, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Hiyo ilimpa muda. Lakini nilijua, na Kabula alijua, kwamba mtoto wa kijiko katika nyumba ambayo watu wote wanashinda shambani hafiki mwezi.

Mayu Milembe alirudi saa nne. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwa mtoto. Alimwinua, akamnusa shingoni kwa muda mrefu.

"Mmemwogesha bibi harusi," akasema. "Anaolewa wapi?"

Akamgeukia mkwe wake na kumkaripia kwa Kisukuma, maneno mengi kwa mpigo. Nilielewa ya kutosha kujua kwamba anamuuliza alikuwa wapi na macho yake yalikuwa yanaangalia nini. Kabula alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. Hakunitaja. Na mimi, vijana wangu, nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyosema, nikipanga sentensi, na wakati napanga mtu mwingine alikuwa anabeba kosa langu. Kati ya makosa yote ya asubuhi ile, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi ninyi kulirudia.

Mayu hakupoteza muda. Alimtuma Kabula samli na chumvi. Mimi akaniambia, "Wewe nenda nyuma ya ua. Unanuka kama duka."

Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya ua wa minyaa nikichungulia kwenye nafasi, mtu mzima mwenye beji ya serikali.

Kwanza alikwenda mahali pale penye tope, ambapo mama alikuwa amelamba tangu asubuhi. Akachota udongo uliolowa maji ya uzazi, akamsugua nao mtoto mgongoni, kichwani na chini ya mkia, huku Kabula amefunika kitovu kwa kitambaa safi. Mimi nyuma ya minyaa nilikuwa nafikiria pepopunda na karibu nipige kelele. Kisha akaosha mkono kwa maji matupu, akaupaka samli, na Kabula akamshika mama kichwa. Mayu aliingiza vidole kwenye njia ya uzazi, taratibu, akawa anasukuma na kuvuta kidogo kidogo, kama mtoto mwingine anatoka. Alifanya hivyo kwa dakika nne au tano, niliangalia saa. Mbuzi alikaza mgongo, akasukuma kama anazaa. Ute uliotoka Mayu aliupokea kwa kiganja, akampaka mtoto juu ya ule udongo, akanyunyizia chumvi kidogo ya Uvinza, akamweka chini ya pua ya mama yake. Halafu wote wawili wakarudi nyuma.

Mbuzi alinusa. Nilihesabu pumzi zangu. Alinusa tena, akafika mkiani, pale alipokataa mara ya kwanza, na akakaa hapo muda mrefu mno. Nilikuwa na uhakika atageuka.

Akatoa sauti ambayo siku ile nzima hakuwa ameitoa, sauti ya chini, ya kooni, mdomo umefungwa. Akaanza kulamba. Mtoto aliyumba akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akapata. Mkia wake mdogo ulianza kutikisika, na mkia wa mtoto wa mbuzi hautikisiki hivyo mpaka maziwa yaingie.

Ndipo nilipopata ulimi. Nikasema kutoka nyuma ya minyaa kwamba sabuni ilikuwa yangu, na kwamba Kabula alikuwa amenikataza.

"Najua," Mayu akajibu bila kugeuka. "Kabula anapata wapi sabuni ya namna ile?"

Lakini alimwita Kabula karibu yake, akamwambia jambo kwa sauti ndogo, na nikaona mabega ya yule mwanamke yanashuka. Baadaye, nilipokuwa nafunga mkoba, Mayu aliuliza sindano niliyochoma ilikuwa ya nini. Kabula alikuwa amemweleza. Nikamwambia ilikuwa ya kuteremsha maziwa.

"Maziwa alikuwa nayo," akasema.

Jioni ile nilifungua ukurasa uliofuata wa kitabu. Ulieleza yote, kwa utulivu wa vitabu. Mimba inapokaribia mwisho, homoni ya projesteroni inashuka na ile ya estrojeni inapanda, na mwili wa mama unakaa tayari. Kisha mtoto anapopita, kule kutanuka kwa njia ya uzazi kunapeleka habari hadi kwenye ubongo, na ubongo unatoa oksitosini ndani yake wenyewe. Hapo, kwa muda mfupi tu, saa moja hivi au mbili, mama anavutiwa na harufu ya maji ya uzazi ambayo siku nyingine angeikimbia, na kwa kumlamba mtoto anajifunza harufu yake. Asipoipata harufu hiyo kwa wakati, nafasi inafungwa, na mtoto wake mwenyewe anakuwa mgeni. Oksitosini ya sindano inafika kwenye kiwele na kwenye mfuko wa uzazi, lakini inayoingia ubongoni ni kidogo mno. Kumbe nilituma barua sahihi kwa anwani isiyo yake. Mkono wa Mayu Milembe ndio uliougongea ubongo mlango, na kuurudisha nyuma saa chache. Nikafunga kitabu, safari hii bila furaha.

Kwa hiyo mnaponipigia simu, haya ndiyo nitakayowauliza kwanza. Mama amezaa saa ngapi? Ni uzao wake wa kwanza? Maana mzazi wa mara ya kwanza huchelewa kuelewa, na njia ya Mayu haimsaidii sana. Nani amemgusa mtoto, na kwa mikono yenye harufu gani? Mama alilamba wapi? Msimfute mtoto; kama pua imeziba, safisheni pua tu, kisha mwacheni. Mkilazimika kufanya alichofanya Mayu, vaeni glavu ndefu, kateni kucha, tumieni mafuta safi, maana kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaomwingia binadamu kupitia majimaji yale yale. Mama aliyechanika au aliyezaa kwa shida msimfanyie hivyo. Udongo siuruhusu; tumieni ute wenyewe, au kondo likitoka, sugueni kwa hilo. Na ile chupa ya oksitosini, ambayo siku hizi naona wauza maziwa wengine wanaichoma kila asubuhi ili kukamua haraka, ibakizeni kwa kazi yake. Nina wasiwasi nayo kuliko ninavyoweza kuandika hapa, kwa sababu inafanya kazi mbele ya macho yenu, na kitu kinachofanya kazi mbele ya macho huzuia mtu kuuliza kama ndicho kilichotakiwa.

Sikuondoka kijijini siku ile nikiwa na amani. Mama anaweza kukubali asubuhi akakataa usiku. Kitovu kile kilichokuwa karibu na udongo kilinifuata hadi nyumbani. Siku tatu nilifanya kazi kata nyingine nikiwaza boma lile tu. Sikuwa na namba ya simu ya mtu yeyote pale, na hata ningekuwa nayo sijui kama ningethubutu kuuliza.

Siku ya nne nilirudi bila sabuni na bila semina. Mtoto alikuwa amesimama kivulini peke yake, tumbo limejaa. Sikumwona mama yake. Niliinama kumshika nimtazame kitovu, na hapo nikagongwa pajani kwa pembe zote mbili, nikakaa kwenye mavi ya mbuzi na suruali yangu ya ofisi. Mbuzi wa kahawia alisimama kati yangu na mtoto, kichwa chini, akingoja nithubutu tena. Kabula, aliyekuwa anatoka kisimani, alicheka mpaka ikabidi aweke ndoo chini.

Nilitoa daftari pale pale nilipokaa, nikaandika tarehe, saa, na maneno mawili: mama amekubali. Kisha nikangoja mbuzi aniruhusu kusimama.